Shoseti za kubana: nani avae, nani asivae, na chama kinunue nini

Mazungumzo ya infirmie wa chama kwenye mkutano wa wanachama, Kasongo. Tumeyaandika karibu sawa alivyoyasema.

 

Komite imenipa neno moja la kueleza. Mfadhili mmoja ameuliza kama atume karto ya shoseti za kubana miguu, zile ambazo ndugu waliokaa Tanzania wanaziita soksi. Na hapa sokoni shoseti hizo zimeanza kutoka kwenye balo, na muuzaji anasema zinatibu kila mguu uliovimba. Kabla feza ya chama haijatoka, na kabla mama hajatoa franga yake ya chumvi, tuelewane kwanza.

Sisi ni watu wa miguu. Toka hapa mpaka Kabambare ni zaidi ya kilomita 100, na mvua ikiharibu njia, gari linalala. Zamani misafara ya Tippu Tip ilitoka Kasongo hii ikaenda mpaka pwani kwa miguu, pembe zikiwa mabegani mwa wapagazi. Leo ni baiskeli yenye gunia za mchele na bidoni za mawese, inasukumwa kutwa. Na wewe uliyerudi unaanza upya kila kitu: shamba limekuwa pori, nyumba inataka tofali, maji yako mtoni. Jioni miguu inakuwa mizito sawa mawe. Hiyo si uvivu. Ina sababu yake.

Moyo unasukuma damu mpaka vidoleni. Kurudi, damu inapanda mlima. Inayoisaidia kupanda ni nyama ya shavu la mguu: ukitembea, nyama inakaza na kuachia, inaikamua mishipa, damu inapanda. Ndani ya mishipa kuna vifuniko vidogo kama milango. Damu ikishapita, vinafunga isirudi chini. Ukisimama fasi moja saa nyingi, kama mama anayeuza sokoni, ile pampu imelala. Damu inajaa chini, maji yanapenya nje ya mishipa, kifundo kinavimba. Milango ikichoka kwa umri, kwa mimba nyingi au kwa urithi, mishipa inatokeza nje kama kamba.

Shoseti ya kubana inafanya kazi moja: inaukumbatia mguu kwa nguvu zaidi kwenye kifundo, na nguvu inapungua kadiri inavyopanda kuelekea goti. Kwa hiyo maji hayakai chini. Ndiyo maana shoseti ya mpira wa miguu haifai kwa kazi hii. Ile inabana juu tu, chini ya goti, na kuacha kifundo wazi. Ni sawa na kufunga mdomo wa gunia wakati maji yako ndani.

Je, inasaidia kweli? Kwa mtu anayesimama kutwa, ndiyo: hata shoseti ya nguvu ndogo inapunguza uvimbe na uzito wa jioni. Kwa kijana aliyekimbia au kusukuma baiskeli, inaweza kupunguza kidogo maumivu ya nyama kesho yake. Haitamfanya aende mbio zaidi, na haichukui nafasi ya maji, chakula na usingizi. Asiyevimba na asiyeumia haihitaji. Anunue viatu vizuri kwanza.

Sasa sikieni vizuri, kwa sababu hapa ndipo shoseti inaweza kuharibu mtu.

Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa na moto na maumivu kwenye shavu la mguu, hapo damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa. Usivae shoseti, usikande, usisugue na mafuta. Nenda kituo cha afya siku ile ile. Na kama pumzi inakata au kifua kinauma, ni hopitali mara moja.

Miguu yote miwili ikivimba pamoja na kukosa pumzi unapolala, au uso ukivimba asubuhi, shida inaweza kuwa moyo au figo. Mtoto akivimba miguu inaweza kuwa ni njaa ya chakula cha kujenga mwili, na dawa yake ni matunzo ya lishe. Mama mwenye mimba akivimba mikono na uso, kichwa kikamuuma, macho yakaona giza, asingoje kesho. Hiyo ni damu kupanda, inaua mama na mtoto.

Mwenye miguu baridi, anayeumwa shavu la mguu akitembea na kupona akisimama, mishipa yake inayoleta damu inaweza kuwa imeziba. Ukimbana, unaiongezea njaa nyama ambayo tayari ina njaa. Mwenye sukari ambaye hasikii tena vidole vyake naye asijivalishe mwenyewe, maana shoseti ikimkata hatajua. Hao wote infirmie awaguse kwanza, atafute mapigo ya damu juu ya wayo, ndipo aseme ndiyo au hapana.

Na matende? Wengi mmeniuliza. Matende yanaletwa na minyoo midogo inayobebwa na mbu. Shoseti haiwaui. Meza dawa wareko wanapopita wakati wa kampeni. Kwa mguu uliokwisha kuvimba, kazi ya kila siku ni hii: osha kwa maji safi na sabuni, kausha vizuri katikati ya vidole, tibu kila kidonda kidogo, inua mguu ukikaa na ukilala, chezesha kifundo. Kuufunga mguu wa matende ni kazi ya mtu aliyefundishwa.

Tufike kwenye kuchagua. Mambo ni manne.

La kwanza ni nguvu. Imeandikwa kwenye karatasi kwa milimita za zebaki, kipimo kile kile tunachopimia damu. Kwa uchovu wa siku ndefu inatosha 15 hadi 20. Kuanzia 20 hadi 30 ni ya mishipa iliyotokeza na miguu inayovimba kila siku, na hiyo iamuliwe na infirmie au daktari. Juu ya 30, usiiguse bila daktari. Angalieni namba, msiangalie neno "classe" peke yake. Classe 2 ya Ufaransa ni kama 15 hadi 20, lakini classe 2 ya Ujerumani ni 23 hadi 32. Neno ni moja, nguvu si moja. Kama hakuna namba yoyote, hujui unanunua nini.

La pili ni kipimo cha mguu wako. Namba ya kiatu haitoshi. Chukua utepe wa fundi cherehani, upime asubuhi kabla mguu haujavimba. Pima mzunguko wa kifundo pale pembamba kabisa, kisha mzunguko wa shavu pale panene kabisa, kisha urefu toka kisigino mpaka chini ya goti. Pima miguu yote miwili. Halafu linganisha na jedwali la kwenye karto, maana kila kiwanda kina jedwali lake.

La tatu ni aina. Kwenye balo mtaona shoseti nyeupe zenye tundu karibu na vidole. Hizo zilitengenezwa kwa mgonjwa aliyelala kitandani hopitalini, tundu ni la kuangalia kama vidole vina damu. Mtu anayetembea hazimfai. Mtaona pia zilizoandikwa za wenye sukari. Hizo kwa kawaida zimelegezwa kusudi zisibane, ni kinyume kabisa cha tunachotafuta. Na shoseti yoyote ya kubana iliyokwisha kuvaliwa sana, mpira wake umechoka. Ivute: kama hairudi haraka, ni shoseti ya kawaida yenye bei ya dawa.

La nne ni joto letu. Nyuzi nzito zinaleta jasho na fangasi. Tafuta nyepesi, inayofika chini ya goti. Wengi wetu haihitaji kupanda mpaka pajani.

Ukiipata, ivae asubuhi kabla hujashuka kitandani, mguu ukiwa mkavu. Igeuze ndani nje mpaka kisigino, ingiza wayo, kisha ipandishe pole pole. Isiwe na kunja hata moja, wala usiikunje juu kama mkono wa shati, maana pale inakuwa kamba. Vidole vikifa ganzi, vikibadilika rangi au vikiuma, vua. Usiku vua, angalia ngozi. Ifue kwa mkono kwa sabuni ya kawaida, ianike kivulini, usipige pasi. Ukiivaa kila siku, baada ya miezi mitatu mpaka sita nguvu yake imekwisha. Kwa hiyo mwenye kuihitaji atahitaji nyingine, na hilo wafadhili wetu walijue tangu leo.

Asiye na shoseti asikate tamaa. Inua miguu juu kuliko moyo, robo saa, mara tatu kwa siku, hata juu ya gunia lililokunjwa. Wewe unayeuza sokoni, panda na kushuka kwa vidole vya miguu mara ishirini kila saa, pampu iamke. Tembea badala ya kusimama. Lakini msifunge miguu kwa kikwembe au mpira wa baiskeli. Hakuna anayejua vinabana kiasi gani, na mara nyingi vinabana juu kuliko chini.

Basi shauri langu kwa komite ni hili. Tusiombe karto iliyochanganyika. Karto ya namna hiyo itagawanywa kwa urafiki, atakayepata ni wa kwanza kufika, na mwenye mishipa iliyooza damu atavaa ya kijana mwembamba. Tuombe tepe za kupimia kwanza. Wenye shida wapimwe kituoni, waandikwe, waulizwe zile dalili za hatari. Kisha tumtumie mfadhili orodha: vipimo, nguvu, idadi, na nyingine ya kubadilisha baada ya miezi sita. Pea chache zilizo sawa zina faida kuliko karto nzima.

Miaka ya 1970 Kasongo ilijulikana mpaka Ubelgiji kwa sababu ya vituo vyake vya afya vilivyokaa karibu na watu, kazi iliyofanywa pamoja na chuo cha magonjwa ya tropiki cha Antwerp. Kanuni ile bado ni nzuri: mtu aonekane kwanza, dawa ifuate.

Atakayependa kupimwa anione hapa hapa baada ya mkutano. Wamama wa sokoni waanze.