Mtoto Anayeuliza

Leo tufikiri pamoja juu ya hamu ya kujua. Yatoka wapi, na mbona wengine huipoteza?

Mwaka 2004, huko Eldoret, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84. Karo ya shule za msingi ilikuwa imeondolewa mwaka uliotangulia, naye akavaa sare akaketi pamoja na watoto. Hakupelekwa kwa fimbo. Alitaka kujisomea Biblia mwenyewe, asingoje kusomewa.

Mwaka 1994 mtaalamu wa Marekani, George Loewenstein, alieleza kwamba hamu ya kujua huamka mtu aonapo pengo kati ya anayoyajua na anayotaka kuyajua. Ni kama njaa: aliyeonja kidogo ndiye atakaye zaidi.

Na njaa hiyo hainunuliwi. Mwaka 1973 wataalamu wengine wa huko walichapisha habari za watoto wadogo waliopenda kuchora. Baadhi yao waliahidiwa cheti wakichora, nao wakachora, wakapewa. Baadaye, walipoachwa wachague mchezo wenyewe, walichora kidogo kuliko wenzao wasioahidiwa kitu. Lakini waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupoteza hamu yao. Basi zawadi si mbaya. Ubaya ni kuifanya kuwa mshahara wa kitu ambacho mtoto alikipenda bure.

Je, nyumbani kwetu? Mtoto auliza, "Mama, nyota mchana huenda wapi?" Ajibiwa, "Nyamaza, una maswali mengi!" Muhula ukikaribia kwisha, aahidiwa baiskeli akishika namba ya kwanza. Moto tumeuzima wenyewe kwa maji, kisha twatoka kwenda kuununua sokoni.

Bwana Yesu, akiwa na miaka 12, alikutwa hekaluni kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Luka hasemi kwamba walimfukuza. Asema waliomsikia walistaajabu.

Basi jioni ya leo mtoto akiuliza, tumjibu. Na tusipojua, tuseme, "Sijui, mwanangu, njoo tutafute pamoja." Neno hilo halimvunjii mzazi heshima. Huenda likamtosha mtoto huyo mpaka uzee wake.

Tuombe. Ee Bwana, utupe masikio ya kusikia maswali ya wadogo wetu, na subira ya kuyajibu. Amina.