Rejeo Linalomfikisha Msomaji: Kunukuu Makala za Majarida katika Wikipedia ya Kiswahili



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuandika marejeo ya makala zilizotoka majaridani. Wengi wetu tunalichukulia jambo hili kuwa la kumalizia tu: makala ikishaandikwa, unabandika kiungo chini, unahifadhi, unaondoka. Mimi naliona kuwa ndilo linaloamua kama kazi yetu itaaminika. Kamusi elezo inayohaririwa na yeyote haina mwandishi mmoja wa kuulizwa wala mchapishaji wa kuidhamini. Msomaji akitilia shaka sentensi yetu, hana pa kwenda ila kwenye tanbihi. Tanbihi ikiwa mbovu, tumemwacha njia panda.

Hoja yangu ni hii: rejeo liandikwe kwa kufuata jinsi chapisho lenyewe linavyotafutwa. Nukta, mabano na italiki vina nafasi yake, lakini hivyo kigezo, yaani fomu ya Wikipedia ya kujazia rejeo, hutupangia. Kazi ambayo kigezo hakiwezi kutufanyia ni kutambua tumeshika chapisho la aina gani, na mtu atakayelitaka kesho ataanzia wapi kulitafuta.

Nyayo za Laetoli

Tuchukue makala kuhusu nyayo za Laetoli, kule Ngorongoro, zile alama za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano takribani miaka milioni 3.66 iliyopita. Mwaka 1979 habari zake zilichapishwa katika majarida mawili yasiyofanana hata kidogo. Tarehe 22 Machi, mwanaakiolojia Mary Leakey na mwanajiolojia Richard Hay waliitoa taarifa ya kisayansi katika jarida la Nature. Katika toleo la Aprili la National Geographic, Mary Leakey peke yake akawasimulia wasomaji wa kawaida. Marejeo yake, yakishapita kwenye vigezo, yanaonekana hivi:

Leakey, M. D.; Hay, R. L. (22 Machi 1979). "Pliocene footprints in the Laetolil Beds at Laetoli, northern Tanzania". *Nature*. 278 (5702): 317–323.

Leakey, Mary D. (Aprili 1979). "Footprints in the Ashes of Time". *National Geographic*. Juz. 155, na. 4. kur. 446–457.

Tazameni namba zilivyokaa. Katika rejeo la kwanza hakuna neno "juzuu" wala "kurasa". Kuna 278, toleo ndani ya mabano, nukta mbili, kisha kurasa. Huo ni mkato wa watafiti, na unatosha kwa sababu jarida la kitaaluma hutafutwa kwa juzuu. Maktaba huyajalidi matoleo ya juzuu moja pamoja, na namba za kurasa huendelea kutoka toleo hadi toleo, hivyo ukurasa wa 317 wa juzuu ya 278 ni mmoja tu duniani. Hata ukikosea namba ya toleo, msomaji atafika.

Jarida la wasomaji wote, lile linalouzwa kwenye meza za magazeti, hutafutwa kwa mwezi ulioandikwa kwenye jalada. Kigezo chake huzifafanua namba kwa maneno. National Geographic ya miaka ile nayo iliendeleza kurasa zake katika juzuu nzima, na ndiyo sababu mnaona ukurasa wa 446 ndani ya toleo la mwezi mmoja. Lakini majarida mengi ya aina hii huanza upya ukurasa wa 1 kila toleo. Ukiandika "uk. 12" bila mwezi, umemwambia msomaji apekue mwaka mzima.

Kwa hiyo chagueni kigezo kinachostahili. Cha jarida la kitaaluma kinaitwa *cite journal*, cha jarida la kawaida *cite magazine*. Naona marejeo mengi yakisukumwa yote kwenye kigezo cha tovuti, eti kwa kuwa mhariri aliisomea makala kwenye simu. Makala ya Nature haigeuki kuwa ukurasa wa tovuti kwa sababu umeisoma kwenye kioo. Kigezo cha tovuti hakiulizi juzuu wala toleo, na mhariri asipoulizwa hataandika. Kiungo kikifa, rejeo linakufa nacho.

Kuna jambo dogo katika kile kichwa cha Nature ambalo nataka mlione. Kina "Laetolil" na "Laetoli", tahajia mbili katika sentensi moja. Mhariri mwenye bidii ataona kosa na kuondoa herufi ya mwisho. Asiguse. Laetolil Beds ni jina la kijiolojia la matabaka yale ya miamba, Laetoli ni jina la mahali, na waandishi walijua walichokiandika. Kichwa cha makala hunakiliwa kama kilivyochapwa, katika lugha yake. Ukitaka msomaji wa Kiswahili akielewe, na mimi nahimiza sana tufanye hivyo, kigezo kina uga maalumu wa tafsiri ya kichwa. Tafsiri iwekwe humo, kando ya kichwa cha asili. Kukifuta cha asili ni kumnyang'anya msomaji maneno ambayo angeyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia.

Rejeo la tatu la mada hiyohiyo lina sura nyingine. Desemba 2016, Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walitangaza nyayo nyingine za Laetoli katika eLife, jarida linalotoka mtandaoni. Humo hakuna kurasa za kuendelea. Kuna juzuu ya 5 na namba ya makala, e19568, na namba hiyo ndiyo inayokaa palipokuwa pa kurasa. Msihesabu kurasa za faili la PDF mkaziandika kana kwamba ni za jarida. Zile ni kurasa za faili tu.

Makala hiyo ina waandishi tisa. Desturi ya kuandika wa kwanza na kumalizia "na wenzake" inaokoa nafasi, lakini hapa inamfuta Elgidius Ichumbaki, mwandishi wa pili, naye wa chuo hichohicho. Katika mambo yanayohusu ardhi yetu, ambako kwa miaka mingi majina ya wenyeji yalikosekana kabisa juu ya makala, sioni sababu ya kuyaficha pale yalipo. Jazeni waandishi wote kwenye nyuga zao, kisha mkiambie kigezo kionyeshe wangapi. Data itabaki kamili hata kama macho yanaona majina mawili tu.

Majina ya watu

Hapa ndipo vigezo vinapotusumbua zaidi, kwa kuwa vilibuniwa kwa kudhani kila mtu ana jina la ukoo linalokaa mwisho. Hata huko kwenye majina ya ukoo kuna mitego. "Leakey (1979)" ni nani? Louis, mume wa Mary, alikuwa ameshaandika katika Nature tangu 1959 kuhusu fuvu la Olduvai, mwana wao Richard naye aliandika humo, na Meave, mke wa Richard, vilevile. Herufi za kwanza za majina, L. S. B. au M. D., ndizo zinazomtenga mama na baba na mtoto. Zisiachwe.

Kwetu ugumu ni mkubwa zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o ndiye anayeumia kuliko wote: zana zinazojaza marejeo zenyewe humkata na kuandika "Thiong'o, Ngũgĩ wa", kana kwamba Thiong'o ndiye mwandishi. Thiong'o ni baba yake. Waandishi wa pwani na Zanzibar huandikwa kwa jina lao, la baba, pengine na la babu. Said Ahmed Mohamed anaorodheshwa chini ya Mohamed katika bibliografia za vyuo vikuu, ilhali msomaji wa riwaya zake anamjua kwa majina yote matatu pamoja. Shaaban Robert akiandikwa "Robert, S.", wanafunzi wengi hawatamtambua.

Msimamo wangu ni kwamba jina likigawanyika sawasawa, litenganishwe. Likiwa ni jina la mtu likifuatwa na la baba yake, au mwenyewe amekuwa akilichapisha zima, litiwe zima katika uga wa mwandishi usiogawanyika, ambao kigezo kinao. Kisha jina hilo liandikwe vivyo hivyo katika kila makala ya kamusi elezo yetu. Alama za ũ na ĩ zihifadhiwe, maana mashine inayotafuta huweza kuwaona "Ngugi" na "Ngũgĩ" kuwa watu wawili.

Namba zisizohama

Viungo vya tovuti huhama. Chuo kikibadilisha mtambo wake, majarida yake yote hupata anwani mpya, na marejeo yetu ya mwaka uliotangulia yanaishia kwenye ukurasa mtupu. DOI iliwekwa kwa ajili ya tatizo hilo. Makala hupewa namba isiyobadilika, na mchapishaji ana wajibu wa kuihuisha anwani iliyo nyuma ya namba hiyo kila inapohama. Ile ya Mary Leakey na Hay ni 10.1038/278317a0. Tarakimu 10.1038 ni za mchapishaji, na katika makala za zamani za Nature mtaona juzuu na ukurasa wa kwanza vimo humohumo: 278, kisha 317. Msifanye hiyo kuwa kanuni, kila mchapishaji ana mtindo wake. Lakini pale inapofaa ni njia nzuri ya kuhakiki kama mtu amebandika DOI ya makala nyingine.

Uga wa DOI ujazwe namba tupu, bila anwani ya tovuti mbele yake, kwa kuwa kigezo hutengeneza kiungo chenyewe. Ikiwapo DOI, tarehe ya kufikiwa haihitajiki: makala iliyochapwa 1979 haitakuwa tofauti ukiisoma leo au mwakani. Tarehe hiyo ni ya kurasa za tovuti zinazobadilika. Makala ikiwa inasomeka bure, kama ile ya eLife, tuweke alama ya kufuli lililo wazi. Mwanafunzi anayenunua bando kwa shilingi zake ana haki ya kujua kabla hajabofya kama ataingia au atakutana na mlango wa kulipia.

Namba ya ISSN ni ya jarida zima, si ya makala, na haichukui nafasi ya DOI. Faida yake ni kwamba inajihakiki. Ya Nature ni 0028-0836. Zidisheni tarakimu saba za mwanzo kwa 8, 7, 6 na kuendelea hadi 2, mjumlishe: mtapata 82. Gawanyeni kwa 11, inabaki 5. Toeni 5 katika 11, mnapata 6, ambayo ndiyo tarakimu ya mwisho. Ukikosea tarakimu moja, hesabu inagoma na kigezo kinatoa onyo jekundu. Wengine huliondoa onyo hilo kwa kuufuta uga mzima. Afadhali mtu afungue jarida aisome namba upya.

Marejeo ya kuazima

Makala zetu nyingi zimetafsiriwa kutoka Wikipedia ya Kiingereza, na marejeo huja yamefungashwa pamoja na maandishi. Nasema kwa uwazi kwamba hili linanitia wasiwasi. Mhariri anayenakili rejeo la Nature ambalo hajalifungua anamwambia msomaji kwamba amelihakiki, na hajalihakiki. Kama ulichosoma ni National Geographic, nukuu National Geographic. Huenda ile taarifa ya kisayansi inasema kwa tahadhari jambo ambalo simulizi ya wasomaji wote imelisema kwa ujasiri. Wakati wa kutafsiri, fungueni walau yale marejeo yanayobeba madai makubwa: umri, idadi, nani wa kwanza. Lisilofunguka na lisilopatikana lisiachwe likibeba dai peke yake.

Majarida yetu wenyewe

Namalizia na hazina ambayo haijaguswa vya kutosha. Msimulizi ilichapwa Kiungani, Zanzibar, tangu 1888. Mambo Leo ilitoka Dar es Salaam kila mwezi tangu 1923. Bulletin ya Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza 1930, ilibadilisha majina mara kadhaa, ikawa Swahili, hatimaye Kiswahili. Tanganyika Notes and Records ya 1936 ikaja kuitwa Tanzania Notes and Records. Rejeo litaje jina ambalo jarida lilikuwa nalo siku makala ilipotoka. Mtu akiomba maktabani "Kiswahili" ya 1935 ataambiwa haipo, na mkutubi atakuwa amesema kweli.

Baadhi ya wahariri hawayanukuu majarida haya kwa kuwa hayana kiungo. Wikipedia haijawahi kudai kiungo. Inadai chapisho ambalo mtu anaweza kulifikia, hata ikimlazimu kwenda kwenye mkusanyiko wa East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuomba jalada. Barua au shairi lililotoka Mambo Leo huwekwa kwenye kigezo cha jarida la kawaida: kichwa kama kilivyochapwa, jina la jarida, mahali, mwezi na mwaka, ukurasa. Namba ya toleo iongezwe ikiwa imeandikwa kwenye jalada, isikisiwe kwa kuhesabu miezi. Makala isiyo na jina la mwandishi iachwe uga wa mwandishi ukiwa wazi, rejeo lianze na kichwa. Tusijaze "haijulikani", maana kigezo kitalichukua neno hilo kuwa jina la mtu. Na aliyepiga picha ukurasa kwa simu yake akiwa maktabani aitunze, kwa sababu kwenye ukurasa wa majadiliano atatokea mhariri mwingine atakayeuliza neno fulani limeandikwaje hasa katika toleo lile.