Ukaazi Haraka, Uraia kwa Hesabu

(Niliyozungumza na vijana wa tawi letu hapa Bujora, Januari 2026. Nimeyanyoosha kidogo ili yasomeke.)



Niliombwa nizungumzie uraia pacha, na najua wengi mlitegemea nianze na katiba. Nitafika huko. Ila wiki hii peke yake nimepigiwa simu tatu kutoka Uingereza na hakuna aliyeniuliza habari za katiba. Wote wanauliza, "Kaka, niombe sasa au nisubiri?" Na kwa kuwa karibu kila mmoja wenu ana dada, binamu au jirani anayebeba boksi huko, tuanze na hilo.

Hali iko hivi. Februari 2022 Uingereza ilifungua viza ya kazi za kutunza wazee. Watu wetu wakaenda, wengine kwa kuuza ng'ombe wa mzee. Utaratibu ulikuwa unaeleweka: fanya kazi miaka 5, omba ukaazi wa kudumu, kaa nao mwaka, omba uraia. Aliyetua 2022 alikuwa anaisubiri 2027. Mei 2025 serikali ya kule ikasema inataka miaka 5 iwe 10. Julai ikafunga kuajiri watunza wazee wapya kutoka nje. Novemba ikaleta pendekezo kwamba wenye kazi zisizofikia ngazi ya shahada, yaani hao hao watunza wazee, wasubiri 15, na kwamba hata walioko huko tayari waguswe kama hawajapata ukaazi. Mtu kabakiza mwaka mmoja, anaambiwa huenda ikawa kumi na moja.

Ndiyo maana wanakimbizana. Na katika kukimbizana wanachanganya vitu viwili.

Ukaazi wa kudumu haukunyang'anyi kitu huku nyumbani. Unabaki Mtanzania, na pasipoti yako, na namba yako ya NIDA, na kiwanja chako Kisesa. Uraia ndio unaochukua. Sheria yetu ya Uraia ya 1995 inasema Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa kwetu unakoma. Hakuna afisa atakayekufuata na barua. Unakoma wenyewe.

Kwa hiyo ninachowaambia ni hiki: ukaazi usiuchelewesha hata siku moja. Unaruhusiwa kuomba siku 28 kabla hujatimiza muda, basi omba siku hizo hizo. Hesabu siku ulizokuwa nje, maana ukipitisha siku 180 ndani ya miezi 12 yoyote umejiharibia. Mama alifariki, ukakaa huku miezi mitatu, harusi ikafuata, ukarudi tena. Hesabu hizo zote.

Uraia una hesabu yake nyingine. Siku 450 nje katika miaka 5, siku 90 katika mwaka wa mwisho. Halafu kuna kipengele kinachowaponza wengi: tarehe ambayo maombi yako yanapokelewa, rudi nyuma miaka 5 kamili, siku hiyo lazima ulikuwa ndani ya Uingereza. Kama siku hiyo ulikuwa hapa Bujora unaangalia Bulabo, maombi yanaweza kukataliwa, wakati ungengoja wiki mbili tu mambo yangekuwa sawa. Ada ya maombi iliyoanza Aprili 2025 ilikuwa pauni 1,605, na ukikataliwa hairudi. Hiyo ni mishahara ya watu.

Wanalalamika kwamba majibu yanachelewa, miezi 6 ndiyo kawaida inayotangazwa. Mimi nasema muda huo utumie. Uraia hauanzi siku ya kutuma fomu, wala siku barua ya kukubaliwa inapofika. Unaanza siku ya kiapo, na baada ya barua unapewa miezi 3 ya kupanga hicho kiapo. Mpaka dakika hiyo wewe ni Mtanzania, unaweza kusaini hati kama Mtanzania. Lakini tusidanganyane, mirathi za kwetu haziishi kwa miezi 3. Anza kabla ya fomu.

Binti wa shangazi yangu ni nesi kule, ukaazi anao tangu 2024. Mumewe anamsukuma aombe uraia kabla sheria haijabadilika tena, na ana hoja, maana ukaazi nao unapotea ukikaa nje zaidi ya miaka 2. Ila shamba la marehemu baba yake huku Magu bado halijagawanywa, na kaka zake wawili wanaijua vizuri ile sheria ya kwamba asiye raia hapewi ardhi. Nimemwambia amalize mirathi, ndipo aape. Mumewe hajafurahi. Ananipigia mimi siku hizi.

Sasa twende kwenye siasa. Mkenya wa Kisumu, tunakunywa naye maji ya ziwa moja, anaapa Manchester asubuhi na jioni bado ni Mkenya, kwa katiba yao ya 2010. Uganda waliruhusu 2009. Rwanda na Burundi wanaruhusu. Msukuma akiapa, amekwisha.

Serikali imejibu kwa Hadhi Maalum, kwa kurekebisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi. Siibezi. Mama mwenye nyumba yake Igoma inamsaidia kuingia na kumiliki kwa masharti. Lakini haimpi kura. Haimpi kugombea hata udiwani. Fedha anazotuma zinapokelewa, sauti yake hapana.

Na sisi wa upinzani tuna sababu ya ziada ya kuogopa. Mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi mkosoaji, mtu aliyekuwa mbunge na mkuu wa wilaya, aliambiwa si raia wa nchi hii, akalazimika kuomba uraia upya. Kama yeye aliguswa hivyo akiwa hapa hapa, wewe uliyeapa kwa Mfalme wa Uingereza ukirudi kukosoa utajibiwa nini? Utaambiwa nyamaza, mgeni.

Ndiyo maana uraia pacha lazima uwemo katika katiba mpya tunayoidai, uandikwe kwa jina lake, bila hadhi ya kubembelezana.

Kwa sasa kuna kazi ndogo ya haraka. Uingereza walipokea maoni kuhusu hiyo miaka 10 na 15 mpaka Februari 12, 2026, kwa mtandao. Msimamo wetu ni kwamba walioingia kwa masharti ya zamani wamalizie kwa masharti ya zamani. Wenye ndugu walioingia 2022 na 2023, bakini hapa kidogo. Nina daftari, tuandike tarehe za kutua na siku walizorudi nyumbani.