Mnanaha si wa Kuchezea

Msikilizaji, unaujua mnanaha? Huota jalalani, kando ya barabara, hata katikati ya mahindi. Maua yake ni meupe au ya zambarau, marefu kama tarumbeta. Tunda lina miiba. Jani ukilifikicha, linanuka vibaya.

Wazee walivuta moshi wa majani yake kutuliza pumu. Hawakukosea kabisa: ndani yake mna atropini, dawa inayotumika hospitalini hadi leo. Lakini hospitalini hupimwa. Jani la porini halina kipimo. Mwenye pumu, tafadhali, tumia dawa ya kliniki.

Mwaka 2019, huko Karamoja, Uganda, watu walikufa baada ya kula uji wa msaada ulioingiwa na sumu ya mmea huu. Kuchemsha hakuiondoi. Narudia: kuchemsha hakuondoi sumu ya mnanaha.

Basi ung'oe kabla haujazaa. Chambua nafaka na maharage kabla ya kusaga au kupika. Aliyekula mbegu za mnanaha hukauka mdomo, mboni za macho hutanuka, kisha huweweseka. Usimtapishe. Usingoje apate nafuu. Mkimbize hospitali, na ubebe kipande cha mmea wenyewe.