Mawe Yangali Njiani

Somo letu la asubuhi hii ni Injili ya Yohana, sura ya 17, aya ya 15. Usiku ule wa mwisho Bwana wetu aliwaombea wanafunzi wake. Hakumwomba Baba awaondoe katika maisha haya yenye taabu. Aliomba watunzwe humo humo, wasishikwe na yule Mwovu. Wengi wetu huomba kinyume chake. Twaomba njia iwe laini, karo isitusumbue, ugonjwa usipige hodi. Na mawe yakizidi kuwako, twadhani Mungu ametuacha.

Ili tulielewe ombi hili la Bwana, hebu tutazame baiskeli ya mlimani. Ukienda Hell's Gate, karibu na Naivasha, utawaona wageni wakiendesha baiskeli hizi kati ya pundamilia na swara. Ziko za namna mbili. Ya kwanza ni ngumu, kama zile Black Mamba tuzijuazo vijijini: uma wa mbele unaoshika gurudumu ni chuma kitupu, na kila jiwe linalogongwa hupanda moja kwa moja hadi mikononi. Ya pili ina springi, ama mbele peke yake, ama mbele na nyuma.

Ile ngumu tusiidharau. Haina springi ya kuharibika, na bei yake ni nafuu. Humfundisha mtu kuchagua mahali pa kupita, na kukunja viwiko na magoti ili mwili wake mwenyewe upokee kishindo. Hapo mwanzo karibu zote zilikuwa hivyo. Vijana wa Marin County, California, walipoanza kushindana kuteremka mlima mwaka wa 1976, walitumia baiskeli kuukuu zenye tairi nene. Breki ya nyuma ilipata moto hata grisi ikaungua, ikawabidi kutia nyingine. Uma wa springi wa RockShox ulitokea mwaka wa 1989, nao ulibonyea kiasi cha sentimeta 5 tu. Mwaka uliofuata, huko Durango, Colorado, Ned Overend alishinda mbio za ubingwa wa dunia akitumia uma wa namna hiyo.

Je, springi ilimsaidiaje? Watu hudhani ni ya starehe tu. Lakini gurudumu la baiskeli ngumu likigonga jiwe kwa kasi huruka juu, na gurudumu lililo hewani halishiki breki wala halifuati usukani. Springi hulirudisha chini upesi, lishike ardhi tena. Jiwe liko pale pale, ila mwendeshaji hatoki njiani. Ndivyo neema ya Mungu itendavyo kazi. Mkristo hufiwa kama jirani yake, na shamba lake hukauka kama la jirani yake. Lakini yuko Mmoja amrudishaye chini upesi, akaweza kuomba tena, akaweza kusamehe tena.

Sisi tunaowatembelea wafiwa tumewaona watu wanaodhani kwamba ugumu ni nguvu. Mzee hadondoshi chozi kaburini, hataki kuombewa, hataki kushikwa mkono. Kishindo chote kinaingia mifupani. Baada ya mwaka mmoja twasikia ameanza kunywa, au amewafukuza watoto wake nyumbani. Ndugu, Bwana Yesu mwenyewe alilia alipokuwa akienda kwenye kaburi la Lazaro.

Tena, springi hupimwa kwa uzito wa mtu. Mwendeshaji akiketi, inafaa ibonyee kidogo, pengine robo ya mwendo wake. Ikikazwa mno, ni kama haipo. Ikilegezwa mno, hugota. Iliyopimwa kwa mtu wa kilo 90 haimfai kijana wa kilo 50. Basi mjane mmoja akirudi kwenye kwaya baada ya majuma mawili, na mwingine akakaa miezi sita, tusimhukumu wa pili. Mungu aujua uzito wa kila mmoja.

Na springi peke yake haitoshi, kwa maana ikibonyezwa hurusha. Kwa hiyo ndani ya uma huwekwa mafuta yanayopita katika vitundu vidogo, yakiizuia isirudi kwa nguvu. Neno kali likitufikia jikoni au kwenye mkutano wa kanisa, nasi hutaka kulirusha papo hapo. Yakobo, katika sura ya 1, atuonya tuwe wepesi wa kusikia, na tusiwe wepesi wa kusema wala wa kukasirika. Roho Mtakatifu na awe mafuta yetu.

Mwisho, hata mwenye baiskeli njema huanguka. Kwa hiyo huvaa glavu, huvaa kinga za magoti, na zaidi ya yote huvaa helmeti. Ndani yake mna povu gumu, nalo hupondeka ili kichwa kisipondeke. Lakini helmeti iliyoning'inizwa kwenye usukani haimwokoi mtu. Sharti ivaliwe, na ukanda ufungwe chini ya kidevu. Paulo atuambia katika Waefeso 6 tuitwae chapeo ya wokovu, wala si kuitundika ukutani pamoja na cheti cha ubatizo. Helmeti iliyopondeka hutupwa. Kristo alichubuliwa kwa ajili yetu, naye yu hai.

Na tuombe. Ee Baba, hatukuombi leo uyaondoe mawe yote. Utushike tusitoke njiani. Walainishe waliojifanya wagumu kwa uchungu, na wanaoanguka asubuhi hii uwainue. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.