Siku ya Mavazi Shuleni Ianzie Nyumbani

Ujumbe huingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi Jumatano saa mbili usiku. Ijumaa ni Siku ya Utamaduni, kila mtoto aje amevaa vazi la asili, na atakayekuja na sare hatapanda jukwaani. Baada ya hapo simu hazitulii. Mzazi mmoja anauliza kama kitenge kinatosha au ni lazima shuka ya Kimaasai. Mwingine anatuma picha kutoka duka moja la Kariakoo: shuka, shanga, kirungu cha mbao cha saizi ya mtoto, na chini yake bei ya seti nzima. Mwenye uwezo anajibu, "Niwekee mbili." Kadhaa wanaandika, "Sawa mwalimu." Na wapo wanaosoma, wanazima simu, hawaandiki kitu. Maoni yangu ya leo nayatoa kwa ajili ya hao waliokaa kimya.

Siku hizi za mavazi nazipenda, na nataka hilo lieleweke mapema. Iwe Siku ya Utamaduni, iwe ile siku ya taaluma ambapo darasa zima hujaa madaktari, marubani na mahakimu, zina faida yake. Mtoto mwoga wa kusimama mbele ya wenzake hupata sauti akishavaa koti la daktari. Mtoto ambaye hajawahi kumuuliza bibi yake lolote kuhusu ujana wake, siku hiyo itamlazimu aulize. Kwa hiyo wazazi wanaosema huu ni upuuzi, watoto waachwe wasome, sikubaliani nao. Ninachokipinga ni namna tunavyoziendesha.

Sare ya shule ina kazi moja kubwa ambayo tumeizoea mpaka hatuioni tena. Ndani ya shati jeupe na kaptula ya bluu, mtoto wa dereva wa bodaboda na mtoto wa meneja wa benki wanafanana wakiwa mstarini asubuhi. Sare ni stara. Siku ya mavazi stara hiyo inavuliwa, na kila mtoto anasimama mbele ya shule nzima akiwa amevaa mfuko wa mzazi wake. Watu wazima tunajidanganya kwamba watoto hawatambui. Mtoto wa miaka sita anajua kabisa nani kavaa seti ya dukani na nani kafungiwa shuka la kitandani, na atakuwa wa kwanza kulisema kwa sauti.

Elimu bila ada ilipoanza Tanzania Januari 2016, shabaha yake ilikuwa kumwondolea mzazi ada na michango ya lazima kuanzia darasa la awali hadi kidato cha nne katika shule za umma. Vazi la siku moja haliitwi ada, wala haliitwi mchango. Lakini kwa mama anayeuza maandazi, fedha yake inatoka kwenye fungu lile lile la unga na mafuta ya kesho. Na huko shule binafsi, ambako mzazi ameshalipia ada, chakula na basi, msidhani kila mmoja amebaki na akiba.

Nilimwona mama mmoja jirani yangu usiku wa kuamkia siku ya taaluma. Tangazo lilikuwa limetoka jana yake, na fundi wa mtaa alikuwa ameshafunga cherehani. Alichukua shati jeupe la mumewe lililochakaa kola, akakata mikono usawa wa kiwiko, akakunja pindo, akapiga bandi kwanza, kisha akaanza kushona kwa mkono. Mfuko wa kifuani akauacha kama ulivyo, akachomeka kalamu. Akatafuta waya wa hedifoni mbovu, akafunga kizibo cha chupa ya maji kwenye ncha yake, na binti akapata cha kusikilizia mapigo ya moyo. Mtoto hakutaka kulala. Alishika tochi ya simu juu ya sindano ya mama yake, akauliza kwa nini madaktari huvaa nyeupe, akajibiwa kwamba uchafu ukigusa nguo nyeupe unaonekana upesi, nayo ikaenda kufuliwa. Koti lile halikugharimu zaidi ya uzi. Asubuhi msichana yule aliingia darasani akijua kila mshono ulipotoka.

Hilo ndilo vazi ninalotaka shule ziliombe. Ila mama yule alikesha, na hakuwa na sababu ya kukesha kama angeambiwa wiki mbili kabla. Taarifa ya siku mbili ndiyo inayomkimbiza mzazi dukani, kwa sababu duka pekee ndilo linaloweza kumwokoa kwa haraka hiyo.

Sasa nije kwenye kabila, kwa sababu hapa ndipo wazazi wengi wanapokwama. Nchi yetu ina makabila zaidi ya 120. Baba ni Mnyakyusa, mama ni Mpare, mtoto kazaliwa Mbagala na lugha yake ni Kiswahili. Unapomwambia aje na vazi la kabila lake, unataka achague mzazi gani? Wengi wanakata mzizi wa fitina kwa shuka nyekundu. Ndiyo maana Siku ya Utamaduni katika shule nyingi za mjini, nusu ya watoto ni Wamaasai wa asubuhi moja, wanarukaruka na virungu. Mimi hilo linaniuma. Pengine ndani ya darasa hilo yumo mtoto wa Kimaasai kweli, ambaye baba yake anavaa lubega kila siku akienda kazini, na leo anaona vazi la baba limegeuzwa mchezo. Halafu hakuna aliyewaeleza wale wengine kwamba Wamaasai wa zamani walivaa ngozi kabla ya shuka za dukani kufika. Wameondoka na rangi nyekundu, na historia hawakuigusa.

Historia ya mavazi yetu ni tamu sana mtu akipewa nafasi ya kuitafuta. Kagera wazee walivaa nguo ya gome la mti. Kwa jirani zetu Waganda ufundi huo bado upo: fundi anabandua gome la ndani la mti uitwao mutuba, analipondaponda kwa nyundo za mbao mpaka linalainika na kutanuka kama kitambaa, na shina analifunga majani ya migomba ili gome liote tena. Mwaka 2008 UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mtoto anayeyajua hayo, hata akija na karatasi ya kaki iliyokunjwakunjwa mabegani, amejifunza kuliko mwenye seti ya Kariakoo.

Na tusiende mbali. Kanga ipo karibu kila nyumba. Mtoto wa Temeke akija amevaa kipande cha doti ya bibi yake, akaonyesha pindo, akaonyesha mji, akasoma jina lililoandikwa pale chini na kusema bibi aliinunua kwa ajili ya harusi ya nani, mimi nitampigia makofi. Vazi lije na hadithi yake kutoka nyumbani. Hapo hata yule mwenye wazazi wa makabila mawili atakuwa na la kusema, tena mara mbili.

Yapo mambo mengine ambayo wazazi wanayalalamikia na yanastahili kusikilizwa. Kuna baba aliyekataa binti yake wa darasa la nne afungwe kanga kifuani mabega wazi kwa ajili ya ngoma, akaambiwa anapinga utamaduni. Mzazi akisema mwanawe avae fulana ndani, au abaki na hijabu yake, mwalimu akubali bila mjadala na bila kumcheka. Ngoma haiharibiki kwa fulana.

Kuhusu sare za majeshi, hapo hakuna mjadala kabisa. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa siku saba raia wenye mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo wayasalimishe. Hata hivyo kila siku ya taaluma kuna mzazi anayeombwa amtafutie mtoto nguo ya mabaka. Mwalimu asimtie mzazi matatani. Na kwani lazima taaluma ziwe zile zile tano? Baba yake ni seremala, mtoto avae aproni ya baba na penseli sikioni. Mama ni mkulima, aje na kofia ya pama na mbegu mkononi, aeleze mvua za vuli. Siku ya taaluma isiyo na fundi wala mkulima inamfundisha mtoto kuona aibu kwa mkono unaomlisha.

Shule zinazofuata mitaala ya Uingereza zina pia Siku ya Vitabu, ambayo huko hufanyika Alhamisi ya kwanza ya Machi, watoto wakivaa kama wahusika wa hadithi. Hata huko Uingereza wazazi hulalamikia gharama. Kwetu wahusika tunao, na hawana gharama. Sungura anataka masikio mawili ya katoni. Abunuwasi anataka kanzu na kilemba. Aliye sekondari achukue Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar katika Mzimu wa Watu wa Kale, aje na daftari la kuandikia dalili na aulize wenzake maswali. Ila kwanza awe amekisoma kitabu.

Kwa hiyo walimu wakuu na wamiliki wa shule, nawaomba mambo machache. Wekeni siku za mavazi kwenye kalenda muhula unapofunguliwa, na mkumbushe wazazi wiki mbili kabla. Andikeni ndani ya tangazo kwamba nguo za kununua wala kukodi hazihitajiki, na mtoe mifano ya vitu vilivyopo nyumbani. Zawadi apewe aliyeeleza vizuri, asipewe aliyependeza zaidi. Shule iwe na sanduku la vitenge, kanzu na makoti ya zamani kwa ajili ya asiye na kitu, na achague mwenyewe kabla wenzake hawajafika. Na nyinyi wajumbe wa kamati za shule, msisubiri mzazi alalamike kwenye simu usiku. Lipelekeni jambo hili kwenye kikao chenu kijacho, lijadiliwe mbele ya wazazi wote, na uamuzi uandikwe.