Maneno "Wachache", "Wengi" na "Kidogo" katika Kazi Yetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kasulu)



Sikuja kunena habari za mshahara wala za likizo, bali habari za maneno matatu madogo tuyatumiayo kila siku bila kuyafikiri: "wachache", "wengi" na "kidogo".

Naanza na kosa langu mwenyewe. Wakati wa masika, mjumbe alitoka kijiji kimoja cha upande wa Kibondo akaleta habari ya maradhi ya kuhara. Nilimwuliza, "Wagonjwa wangapi?" Akajibu, "Ni wachache, bwana karani." Nikaandika "wachache", nikapeleka barua. Tabibu aliyeisoma alidhani ni watatu au wanne, akachukua dawa za kiasi hicho. Alipofika aliwakuta 19. Watoto wawili walingoja dawa hata kesho yake. Walipona, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile neno lile halinitoki moyoni.

Je, mjumbe alisema uongo? Hasha. Yeye aliwalinganisha wagonjwa na kijiji kizima. Tabibu aliwalinganisha na dawa zilizomo mkobani mwake. Neno "wachache" halina kipimo chake lenyewe. Kila mtu hulipimia kwa kitu kilicho moyoni mwake, wala hakitaji. Kosa lilikuwa langu, niliyeuliza hesabu nikaridhika na neno tupu.

"Wengi" nalo ni vivyo hivyo. Kambi ya Nyarugusu, hapa Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, na nafasi yake ilikuwa ya watu 50,000. Mwaka 2015, Warundi walipokimbia machafuko ya kwao, hesabu ilipita 150,000. Mtu aliyesema "wamo watu wengi" alisema kweli kabla ya hapo na baada yake. Lakini kwa neno hilo hapana awezaye kujua ni mahindi na maji kiasi gani yatatosha. Hesabu ndiyo iliyoonyesha kwamba nafasi imekwisha, na mwaka uleule kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa tena.

Hata neno lionekanalo kuwa kipimo laweza kutudanganya. "Gunia moja" la maharagwe ni lipi: lililoshonwa mdomo sawasawa, au la lumbesa lenye kilemba juu? Mkulima hulipwa bei moja kwa yote mawili. Ndiyo sababu sheria ya vipimo yataka mizani.

Hata hivyo sisemi tuyatupe maneno haya. Jirani aombaye "chumvi kidogo" haulizwi vijiko vingapi. Hapo "kidogo" si kipimo, ni adabu. Na mzee akwambiaye njiani, "Si mbali, ni hapo tu," hukutia moyo wa kupanda kilima. Mlangoni na njiani maneno haya yafaa sana. Mezani pa karani hayatoshi.

Basi nashauri hivi: mtu akisema "wachache", tumwulize kwa upole, "Kama wangapi, baba? Ni watano, au wafika ishirini?" Asipojua, tuandike kwamba hakuhesabu, wala tusibuni. Kalamu ni yetu, lakini angojaye dawa ni mwingine.

Nimekwisha.